Gari la Mwingereza wa Kawaida Lilivyopokewa Ugenini

(Hotuba hii ilitolewa mbele ya mafundi magari, wauza vipuri na wanafunzi wa ufundi. Imeandikwa kutoka kwenye sauti iliyorekodiwa. Salamu ndefu na baadhi ya vicheko vimepunguzwa.)

Ndugu mwenyekiti, mafundi wenzangu, wauza spea, na nyie vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti, asanteni kwa kunialika.

Niliombwa nizungumzie magari ya Uingereza. Najua mkisikia hivyo wengine mnafikiria Land Rover na wengine Rolls-Royce. Leo hayo nayaweka pembeni. Nataka tuyaongelee magari ya watu wa kawaida kule kwao, gari la karani, la mwalimu, la mwenye duka: Austin, Morris, Hillman, Ford Cortina. Wazee mliokaa mstari wa mbele mmeyafungua kwa mikono yenu. Vijana wengi hamjawahi hata kuyaona yakitembea.

Kinachonishangaza mimi ni kwamba gari la aina hiyo hiyo, la watu wa kawaida, nchi moja lilipandwa na mawaziri, nchi ya pili lilizaa mahasimu wakubwa wa Uingereza kibiashara, na nchi ya tatu madereva wa teksi walilitukana kila asubuhi. Nimelifikiria jambo hili miaka mingi, na maoni yangu ni haya: gari ugenini halihukumiwi na aliyelibuni. Anayelihukumu ni yule anayebaki nalo likiharibika, na hukumu yake inategemea kama ana spana, ana spea, na ana ruhusa ya kulibadilisha. Sasa nipeni nafasi nieleze, halafu mtanibishia.

Tuanze na hali ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Uingereza ilitoka vitani imeshinda lakini imefilisika. Ilihitaji dola. Chuma kilikuwa cha mgawo, na serikali ikawa inawapa viwanda chuma kulingana na wanavyouza nje. Asiyeuza nje hapati. Kwa hiyo kufika 1950, karibu robo tatu ya magari yaliyotengenezwa Uingereza yalikuwa yanapakiwa melini. Mwaka huo Uingereza ndiyo iliyoongoza dunia nzima kwa kusafirisha magari nje. Iliipita hata Marekani. Mwingereza mwenyewe nyumbani alikuwa kwenye foleni ya kusubiri gari miaka, huku Austin A40 mpya zikishushwa bandarini New York na Sydney.

Watu walizinunua kwa sababu ndizo zilizokuwepo. Viwanda vya Ujerumani na Japani vilikuwa magofu. Muuzaji anayeuza kwa sababu hana mpinzani huwa na tabia zake, na nyie wauza spea mnazijua kuliko mimi. [Vicheko.]

Sasa nije kwenye injini, maana hapo ndipo penye siri ambayo watu wengi hawaijui. Kwa miaka mingi kabla ya vita, kodi ya gari Uingereza ilihesabiwa kwa upana wa silinda. Urefu wa mwendo wa pistoni haukuhesabiwa kabisa. Fundi mbunifu akitaka nguvu bila kumwongezea mteja kodi, afanyeje? Anafanya silinda iwe nyembamba na mwendo wa pistoni uwe mrefu: mchi mrefu kwenye kinu chembamba. Kodi hiyo ilifutwa baada ya vita, lakini mazoea yalibaki kwenye meza za wachoraji.

Injini ya namna hiyo ina uzuri wake. Inavuta vizuri ikiwa taratibu. Unapanda mlima kwa gia ya tatu nayo inanguruma tu, haikati tamaa. Kwa barabara za Uingereza za wakati ule, zenye kona kila hatua, ilitosha na kubaki. Lakini lipeleke gari hilo hilo kwenye barabara kuu ya Marekani au Australia, likanyagwe moto kutwa nzima bila kupumzika. Pistoni inasafiri njia ndefu kila mzunguko, beringi za konrodi, ule mkono unaoshika pistoni, zinapigwa, oili inapata moto, na kabla hujamaliza safari unasikia injini inagonga upande wa chini. Fundi yeyote hapa anaijua sauti hiyo.

Mmarekani aliyenunua Austin mwaka 1949 hakuambiwa habari za kodi ya kinu. Yeye aliona gari dogo, zuri machoni, linalomwacha njiani. Na akilipeleka gereji, fundi wa kule ana spana za vipimo vya kwao, hazikamati sawasawa nati za Kiingereza za wakati ule, na spea haina mtu anayejua itafika lini. Wakati huo huo kulikuwa na Volkswagen. Hapa historia ina utani wake. Kiwanda chao cha Wolfsburg, Ujerumani, kiliokolewa mwaka 1945 na Mwingereza, Meja Ivan Hirst, ofisa wa jeshi lililokuwa linasimamia eneo lile. Wenye viwanda wa Uingereza wakapewa nafasi ya kukiangalia, wakakiona hakina thamani, wakakiacha. Kuanzia 1948 Heinz Nordhoff akakishika, na sera yake ilikuwa ngumu: hakuna kuuza gari mahali ambapo hujaweka spea na fundi aliyefundishwa. Mwaka 1956 Ujerumani Magharibi ikaipita Uingereza kwa kusafirisha magari. Hapa kwetu Afrika Mashariki hatukuhitaji takwimu. Safari Rally ilituonyesha: Volkswagen ilishinda 1954, ikashinda tena 1957 na 1962.

Sasa tuvuke bahari twende Japani, maana huko ndiko sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Mwishoni mwa 1952 Nissan waliingia mkataba na Austin. Walianza kwa kuunganisha A40 kutoka kwenye vipande vilivyoletwa kwa meli, na 1955 wakaingia A50 Cambridge. Mkataba ulikuwa na kipengele kwamba ndani ya miaka mitatu vipande vyote vitengenezwe Japani. Wajapani walikitimiza. Isuzu nao walifanya hivyo hivyo na Hillman Minx. Mjapani wa miaka ile hakuiona Austin kama gari la karani. Barabarani Tokyo lilikuwa gari la heshima, tulivu, limefungwa vizuri. Na kiwandani lilikuwa shule: walilifungua nati kwa nati, wakapima kila kitu, wakauliza kwa nini.

Nimeandika hapa ubaoni namba mbili, naomba mzitazame. Injini ya A50 ina ujazo wa cc 1489. Kipenyo cha silinda ni milimita 73, mwendo wa pistoni milimita 89. Nissan walikuwa na mshauri Mmarekani anaitwa Donald Stone. Wao walitaka injini mpya ndogo kwa ajili ya gari lao la Datsun. Stone akawaambia msihangaike kuchora injini mpya na kununua mashine mpya, chukueni hii hii ya Austin, acheni silinda ilivyo, fupisheni mwendo. Wakaukata kutoka milimita 89 hadi 59. Pigeni hesabu: ni cc 988. Hiyo ndiyo injini ya Datsun 1000. Kwa kuondoa sentimita tatu za mwendo, ule ugonjwa wa mchi mrefu ukaisha. Injini ikakubali kuzunguka haraka bila kulalamika. Mwaka 1958 gari hilo likashinda daraja lake kwenye mashindano ya kuizunguka Australia, nchi ambayo magari ya Kiingereza yalikuwa yanajaa vumbi ndani na kuchemsha.

[Sauti kutoka ukumbini: Kwa hiyo Datsun ni Austin?]

Mzee, Datsun 1000 ile, tumboni, ndiyo. Zile zilizotikisa Safari, hapana. Nissan walianza kushiriki Safari 1963, na Edgar Herrmann akawapa ushindi 1970 na Datsun 1600 SSS, lakini injini ile ilikuwa ya ukoo mwingine, wameichora wenyewe. Ndivyo mwanafunzi mzuri anavyofanya, haishi na daftari la mwalimu milele.

India ni habari nyingine kabisa. Hindustan Motors, kampuni ya familia ya Birla, walichukua Morris Oxford Series III, wakahamishia kazi kiwandani Uttarpara, karibu na Kolkata. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950 wakalitoa kwa jina la Ambassador. Injini baadaye ikawa ni hii hii ya ubaoni, 73 kwa 89. Uingereza Oxford ile ilidumu miaka michache tu, ikasahaulika. Sidhani kama kuna Mwingereza aliyelia ilipoondoka. India ilitengenezwa mpaka Mei 2014.

Kwa nini ilipendwa? Paa lake liko juu, mtu mwenye kilemba anaingia bila kuinama. Kiti cha nyuma ni kama benchi, familia inajaa na wajukuu juu ya mapaja. Chini kuna springi za majani, zinameza mashimo. Likigoma, fundi wa pembeni ya barabara anachuchumaa na spana mbili na nyundo, linaondoka. Mawaziri walipanda Ambassador nyeupe zenye pazia na taa nyekundu juu. Heshima ya gari hilo ilifika mahali pa hatari: Desemba 2001, watu waliolishambulia bunge la India waliingia getini ndani ya Ambassador nyeupe yenye taa juu na stika ya serikali. Gari hilo lilikuwa kitambulisho tosha.

Lakini nisiwadanganye. Sehemu ya mapenzi hayo ilikuwa ya kulazimishwa. Serikali ilizuia magari ya nje na kubana leseni za viwanda, mnunuzi akawa hana pa kwenda, anasubiri zamu yake kwa miaka. Kiwanda kisichokuwa na mpinzani kililala. Wahindi wenyewe walitania kwamba ndani ya Ambassador kila kitu kinapiga kelele isipokuwa honi. Maruti 800 ilipotoka Desemba 1983, ndogo, nyepesi, yenye asili ya Suzuki, watu walihamia huko wala hawakugeuka nyuma. Waliobaki na Ambassador ni serikali na madereva wa teksi. Mwaka 2017 jina lenyewe likauzwa kwa Peugeot kwa rupia milioni 800. Kwa hiyo msije mkaondoka hapa mkisema fulani kasema ulinzi wa soko ni dawa. Ni dawa yenye madhara, na Ambassador ni mfano wa yote mawili.

Iran ilienda njia inayofanana, ila mwisho wake una ukali zaidi. Ndugu wawili, Ahmad na Mahmoud Khayami, walianzisha Iran National, na mwaka 1967 wakaanza kuunganisha Hillman Hunter kwa jina la Paykan. Vipande vilitoka Coventry, Uingereza, kwa makasha. Hunter, kwa Mwingereza, lilikuwa gari la baba asiyependa makuu. Sifa yake kubwa ilikuja 1968, pale Andrew Cowan na wenzake wawili walipoliendesha kutoka London mpaka Sydney na kushinda, wakipita Tehran, Kabul na Bombay njiani. Walishinda baada ya Citroën iliyokuwa inaongoza kugongana karibu na mwisho, lakini ushindi ni ushindi.

Kwa Muirani, Paykan lilikuwa gari la kwanza ambalo mwalimu au mfanyakazi wa ofisi angeweza kusema “langu”. Lilibeba bibi harusi, lilibeba matikiti maji, lilipakwa rangi ya chungwa likawa teksi ya Tehran. Shah, mfalme wa Iran, alimpa zawadi moja Nicolae Ceaușescu wa Romania mwaka 1974. Fikirini: kiongozi wa nchi yenye mafuta anampa kiongozi mwenzake Hillman Hunter, na anampa kwa fahari, kwa sababu kwake halikuwa Hillman tena. Yalitengenezwa zaidi ya milioni mbili. Na kuna kipindi mambo yaligeuka: biashara ya gari hilo Uingereza ilipokuwa taabani, waliokuwa wanawapa wafanyakazi wa Coventry kazi ni Wairani, kwa kuagiza makasha ya vipande.

Miaka ya mwisho watu wa Tehran walilichoka. Lilikuwa linakula mafuta, linatoa moshi, na mji ule umekaa chini ya milima, moshi hauna pa kutokea. Serikali ikaanza kuwalipa watu waliokubali magari yao yakakatwe chuma chakavu. Utengenezaji wa gari dogo ulikoma Mei 2005, pikapu ikaendelea miaka kumi zaidi. Niongeze kitu kwa mafundi wanaopenda vituko: kabla ya hapo waliwahi kuuza gari lenye bodi ya Peugeot 405 lakini chini ni Paykan tupu, gia boksi na difu ya nyuma. Ukiona picha yake huwezi kujua mpaka uingie uvunguni.

Korea nitapita haraka, ingawa ndiyo iliyowaumiza Waingereza zaidi. Hyundai ilianzishwa mwishoni mwa 1967 na mwaka uliofuata ikaanza kuunganisha Ford Cortina pale Ulsan. Barabara nyingi zilikuwa za changarawe. Ile kuu ya Seoul hadi Busan ilifunguliwa 1970. Teksi zikavunjika, madereva wakalalamika, Cortina ikapata sifa mbaya. Sasa kumbukeni kwamba Cortina GT ndiyo iliyoshinda Safari ya 1964, ikiendeshwa na Peter Hughes. Vumbi letu na matope yetu iliyaweza! Lakini Hughes alikuwa na gari lililoandaliwa na watu wanaomsubiri na spea njiani. Dereva wa teksi wa Seoul alikuwa peke yake na gari la kawaida, na hakuwa na mamlaka ya kubadilisha hata springi. Mazungumzo na Ford yakavunjika, na Chung Ju-yung, mwenye Hyundai, akaamua atengeneze gari lake.

Akamwajiri nani? Mwingereza George Turnbull, aliyekuwa mkubwa British Leyland, kampuni iliyokuwa na Austin na Morris, mmoja wa waliohusika na Morris Marina. Marina ilitoka 1971, na chini yake mbele kulikuwa na mfumo wa springi wa Morris Minor ya 1948. Marekani iliuzwa kwa jina la Austin miaka michache, ikatoweka bila kuagwa. Mtu huyo huyo akaenda Korea 1974, na timu yake ikatoa Hyundai Pony: umbo la mchoraji Giugiaro wa Italia, injini ya Mitsubishi, springi za majani nyuma. Gari la kawaida mno, lakini Wakorea walikuwa na ruhusa ya kulirekebisha kila mwaka. 1982 likaanza kuuzwa Uingereza. Turnbull yeye baada ya Korea alikwenda Iran National, kwenye Paykan, mpaka mapinduzi ya 1979 yalipomkuta. Mtu mmoja, nchi tatu. Alichokishindwa kwao alikifanya kwa wengine, na mimi siamini kwamba alipata akili mpya ndani ya ndege.

Kwetu hapa Peugeot 404 ndiyo iliyotutoa kwenye Austin na Morris, na hilo halihitaji maelezo mengi. Ilishinda Safari 1963, mwaka ambao magari 84 yalianza na saba tu yakamaliza, kisha 1966, 1967 na 1968. Mbili za hizo ziliendeshwa na Bert Shankland, mkazi wa Tanzania. Watu walinunua kilichoshinda, na waliponunua walikuta spea madukani.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Naona mkono mmoja kule. Ndiyo, mama.

[Swali: Marehemu baba aliacha Morris Minor, iko uani. Ulivyosema magari haya yalikuwa mabovu, niiuze chuma chakavu?]

Hapana, mama! Sikusema mabovu, na Minor ndiyo ya mwisho kuiita hivyo. Alec Issigonis aliichora ikatoka 1948, na ndilo gari la kwanza la Uingereza kuvuka milioni moja. Stelingi yake ni sahihi kuliko magari mengi ya vijana hawa. Adui yake ni kutu: mtu aingie uvunguni na bisibisi, achokonoe pale springi za nyuma zinapofungwa kwenye bodi, na mbele kwenye mihimili ya chuma ya chini ya sakafu. Bisibisi ikizama, kuna kazi ya kuchomelea. Isipozama, una gari. Spea zipo mpaka leo, kwa sababu wapenzi wake hawajaisha. Sri Lanka, ambako Minor zilibaki barabarani miaka mingi baada ya wenyewe kuziacha, walifikia kutengeneza vipande vya bodi na kuwauzia Waingereza. Tuonane wakati wa chai, nataka kujua kwanza kama injini inazunguka kwa mkono.